Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: kidonge kimoja cha zamani

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

YAH: KUINGIZA RILUZOLI, DAWA YA UGONJWA WA ALS, KWENYE KITITA CHA BIMA YA AFYA

Shikamoo.

Mimi ni binti wa fundi cherehani wa Tanga. Nakuandikia kuhusu dawa ambayo familia yetu nusura tuzike mtu bila kujua kuwa ipo.

Marehemu baba alianza kwa kushindwa mkasi. Kanzu aliyokuwa akiikata bila hata kuchora chaki ikawa inatoka kombo, na nyama iliyo kati ya dole gumba na kidole cha shahada ikabonyea kama imechotwa kwa kijiko. Baadaye misuli ya mkono ikawa inachezacheza yenyewe chini ya ngozi, hata akiwa amelala. Kwetu jicho likicheza watu hungoja habari. Mkono mzima ulipocheza, wakasema huyo ni jini. Hospitali ya kwanza ikasema ni shingo. Ya pili ikamwandika kiharusi, ingawa hakuna siku aliyoanguka wala mdomo haukwenda upande. Tulichua, tukasomesha, tukauza cherehani moja kati ya mbili. Ilipita miezi kumi na minne ndipo daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, Dar es Salaam, alipomgonga goti kwa kinyundo, akamwambia atoe ulimi, akautazama kwa muda, kisha akamwomba avae shati na akavuta kiti.

Ugonjwa unaitwa ALS. Neva zinazopeleka amri kwenye misuli zinakufa, na misuli isiyopata amri inanyauka: mikono, miguu, koo, mwisho pumzi. Ndio uliomchukua Joost van der Westhuizen, mchezaji wa raga wa Afrika Kusini, Februari 2017, takriban miaka sita tangu agundulike. Wengi hawafiki huko. Kwenye cheti daktari aliandika dawa moja tu: riluzoli, miligramu 50 asubuhi na 50 jioni.

Nilishinda siku mbili kwenye maduka ya dawa ya Kariakoo. Mmoja aliniuliza kama daktari hakukosea herufi. Mwishowe tulimwagizia mfanyabiashara anayekwenda India, na aliyetubebea tulimlipa zaidi ya bei ya dawa yenyewe. Hapo ndipo nilipoanza kukasirika, Mheshimiwa, maana kumbe dawa si ghali kule inakotengenezwa. Ilipata kibali Marekani Desemba 1995. Hataza yake, yaani haki ya kampuni moja kuitengeneza peke yake, imekwisha zamani, na viwanda vya India vinaitoa kama vinavyotoa nyingine nyingi tunazomeza hapa kila siku.

Najua wataalamu wako watakachokuambia, kwa sababu daktari wetu naye alitwambia bila kuficha: riluzoli haiponyi. Inapunguza kemikali iitwayo glutameti ambayo ikizidi huziumiza neva, na kwa wastani inamwongezea mgonjwa miezi miwili au mitatu. Miezi mitatu! Ukiiweka namba hiyo mezani mbele ya malaria na vifo vya wajawazito, itaonekana ni anasa.

Lakini itazame na hii. Watafiti wa Ufaransa walichapisha jaribio lao mwaka 1994. Wagonjwa 77 walipewa riluzoli, na baada ya mwaka mmoja 57 walikuwa hai. Wagonjwa 78 walipewa kidonge kisicho na dawa, na waliobaki ni 45. Jaribio la pili, la watu 959, likaja mwaka 1996, nalo likaonyesha kuwa dawa inasaidia. Wastani ni wastani. Kuna anayepata wiki na kuna anayepata zaidi. Na kadiri unavyochelewa, ndivyo unavyobaki na kichache cha kuokoa. Baba aliianza mkono wa kulia ukiwa umeshakufa. Siwezi kukuambia ilimsaidia, na sitakuambia. Ninachojua ni kwamba ile miezi kumi na minne ya shingo na kiharusi hakuna aliyeturudishia.

Wala siombi kila kinachotangazwa. Marekani mwaka 2022 waliidhinisha dawa iitwayo Relyvrio, bei yake zaidi ya dola 150,000 kwa mwaka. Mwaka 2024 jaribio kubwa likashindwa na kampuni ikaiondoa sokoni yenyewe. Ipo toferseni ya mwaka 2023, ambayo ni ya wachache wenye hitilafu kwenye jini moja liitwalo SOD1 (jini la kurithi, si lile la wachuaji wetu). Hizo waachie wenye nazo wapime kwanza. Mimi naomba ile ya 1995.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imekupa kalamu ya kuandika kitita. Iandike riluzoli humo, hata kama itawekwa kwenye hospitali za rufaa za kanda peke yake. Wagonjwa ni wachache, Bohari ya Dawa haitafilisika. Lakini usiiandike bila kipimo cha ini. Dawa hii inaweza kuligusa ini, kwa hiyo mgonjwa hupimwa damu kila mwezi kwa miezi mitatu ya mwanzo, kisha kila baada ya miezi mitatu hadi mwaka utimie. Sisi dawa tuliipata kwa mfanyabiashara na vipimo tukavilipia mfukoni. Mwezi wa pili hela haikuwepo, na baba alimeza bila kupimwa. Kidonge bila maabara ni nusu ya tiba, na nusu yenyewe ya hatari.

Na mfamasia awe na maneno ya kumwambia mgonjwa. Dawa hii humezwa tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya chakula au saa mbili baada yake. Hatukuambiwa. Wiki za mwanzo baba aliimeza pamoja na uji, mpaka binamu yangu muuguzi aliposoma karatasi ya ndani ya boksi. Ramadhani ikaingia, daktari akamkataza kufunga, mzee hakusikia. Akawa anafungua kwa kidonge na funda la maji, halafu anakaa saa nzima mbele ya futari iliyofunikwa, huku wajukuu wanakula na yeye anawahesabia sambusa. Koo lilipoanza kukataa tulikisaga kidonge, na ulimi ukamfa ganzi. Hilo nalo linajulikana, na kwa ajili hiyo kuna riluzoli ya maji. Sisi tulidhani tumemwua.

Nimemaliza ombi, isipokuwa jambo moja dogo. Kabatini vimebaki vidonge thelathini na vinne, kwenye pakiti zake, havijafunguliwa, na tarehe yake inaisha Machi mwakani. Nimeuliza hospitali mbili kama wana mgonjwa wa ALS wa kumpa. Walikuwa waungwana, wakafungua vitabu vyao, na jina hilo la ugonjwa halikuwemo. Lazima kuna mtu Muheza, au Korogwe, au Pangani, ameandikwa kiharusi na mkono wake unacheza usiku. Ofisi yako ikimpata, nitapanda basi nimpelekee mwenyewe.

Wako mtiifu,
Binti wa fundi,
Tanga.