Msiharakie CDI, pimeni kwanza

Mhariri,

Wiki iliyopita mlichapa barua ya msomaji aliyeshauri kwamba pikipiki ikifanyiwa ovaholi ya injini kisha plagi ikakataa kutoa moto, cha kwanza ni kubadilisha CDI, kile kisanduku cha umeme kinachoiamuru koili ipige cheche ya plagi. Mimi nauza spea za pikipiki hapa Bweyale, wilaya ya Kiryandongo, na CDI ninazo dukani. Kwa biashara yangu ushauri ule ni mzuri. Kwa mwanaboda ni hasara tupu, na ndiyo maana naandika.

CDI haikai ndani ya injini. Imefungwa kwenye fremu, na fundi anayebadilisha pistoni na ringi hana haja ya kuigusa. Kama pikipiki iliingia gereji ikiwa na moto na imetoka haina, kaanze kutafuta pale mikono ya fundi ilipopita: boliti za injini, waya wa ethi (unaounganisha injini na fremu na hasi ya betri), soketi za nyaya zinazotoka kwenye magneti (inayozalisha umeme injini ikizunguka), na magneti yenyewe kama ilifunguliwa.

Msimu wa mahindi uliopita alikuja kijana wa boda akiwa na CDI mbili mpya mfukoni, zote kaziagiza fundi wake, na sasa anatafuta ya tatu. Nikamwambia asukume pikipiki ije mlangoni. Injini ilikuwa imepulizwa rangi ya fedha, inang'aa kama ya dukani. Niliweka ncha moja ya mita ya kupimia umeme kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye kichwa cha injini. Namba zikawa zinarukaruka, mara inasoma, mara kimya. Rangi ilikuwa imeingia mpaka pale injini inaposhikana na fremu, na waya wa ethi umefungwa juu ya rangi hiyohiyo. Umeme wa plagi ni lazima urudi ulikotoka kupitia chuma cha injini, na ukizibiwa njia hiyo, cheche haipatikani. Tulikwangua kwa kisu mpaka chuma kikaonekana cheupe, tukakaza waya, akapiga kiki. Plagi ikatoa moto wa buluu unaosikika. Zile CDI mbili hakuna aliyekubali kuzirudisha, maana spea za umeme zikishafungwa hazirudi dukani. Wakati huo mwenye pikipiki anadai pesa yake ya wiki, na wenzake wanabeba magunia.

Kwa hiyo nawaomba mafundi wa gereji za kando ya barabara ya Gulu, na kwingineko, wafuate utaratibu. Ethi kwanza. Kisha jaribuni plagi nyingine mnayoijua ni nzima, mkiigusisha kwenye chuma kisicho na rangi, mbali na tundu la plagi kwa sababu mvuke wa petroli hushika moto. Msipige kiki huku kikofia cha plagi kikining'inia hewani, maana umeme uliokosa pa kutokea unaweza kuua koili au hiyohiyo CDI.

Switchi ya kuzima nayo isisahauliwe. Kwenye CDI inayolishwa na magneti moja kwa moja, switchi huzima kwa kuupeleka umeme kwenye ethi. Chomoa waya wake. Moto ukirudi, ugonjwa uko kwenye switchi au waya umechubuka mahali. CDI inayolishwa na betri ni kinyume chake: fungua ufunguo, upime kama volti 12 zinaifikia.

Halafu kuna pulsa, ile koili ndogo inayokaa ukingoni mwa gurudumu la magneti. Hii ndiyo huiambia CDI wakati wa kupiga cheche, na kifuniko cha magneti kikirudishwa kwa haraka ndiyo huumia. Waya wake hubanwa kati ya kifuniko na injini, au hupitishwa vibaya ukasagwa na mnyororo pale kwenye sproketi ya mbele. Skrubu zikilegea, pulsa husogea mbali na kile kinundu cha kwenye gurudumu isikione. Chomoa soketi uipime: pikipiki nyingi husoma ohmu mia na kitu au mia mbili na kitu. Mita ikinyamaza kabisa, waya umekatika, na hata ukifunga CDI kumi hali itabaki ileile.

Yote yakiwa salama, ethi, switchi, pulsa, koili ya kuchajia CDI, koili ya plagi na kikofia chake, hapo CDI ishukiwe. Hata hivyo jaribu kwanza ya kuazima kutoka kwenye pikipiki ya aina ileile inayotembea.

Kwa wateja nina ombi moja. Kabla hamjalipia ovaholi, mwambieni fundi awaonyeshe moto wa plagi mbele ya macho yenu, na kabla hajafungua injini pia awaonyeshe. Fundi mzuri hatakasirika. Akisema nunua CDI, muulizeni amepima nini na mita imesoma ngapi.

Dukani kwangu mita iko juu ya kaunta. Atakayeletwa kununua CDI baada ya ovaholi aje na pikipiki yenyewe, tupime kwanza. Kupima silipishi.

Muuza spea,
Bweyale, Kiryandongo