Kwa vijana wetu wa Houston mnaoomba vyuo

Wanangu,

Shikamoo zenu za Jumamosi nilizipokea, marahaba. Ila swali mliloniuliza wakati pilau linapakuliwa nililijibu kwa haraka, na tumbo lilikuwa na haraka kuliko kichwa. Mliuliza: kwenye fomu ya chuo utaje fani unayotaka, au useme hujaamua?

Tazameni kwanza chuo kinapokeaje watu. Rice, hapa hapa mjini, ukiacha fani chache kama usanifu majengo na muziki, unaingia kwanza. Fani unaitangaza hata mwishoni mwa mwaka wa pili. MIT, kile chuo cha teknolojia cha Massachusetts, hawadahili mtu kwa fani kabisa. Huko sema hujaamua, hakuna atakayekununia.

UT Austin, yaani Chuo Kikuu cha Texas pale Austin, ni habari nyingine. Wanataka chaguo la kwanza na la pili. Najua wengi mnaitegemea sheria ya Texas, kwamba anayeingia kuanzia 2026 akiwa kwenye asilimia 5 ya juu shuleni kwake anapokewa moja kwa moja. Kweli, chuo utapata. Uhandisi, biashara au kompyuta sheria haikuahidi, na kuhamia huko ukishaingia ni ushindani mwingine.

Hapo nina la kutubu. Binti yangu mkubwa nilimwambia aandike historia, tukidhani ndiko kwenye foleni fupi, halafu ahamie kompyuta. Akaingia, tukachinja mbuzi. Idara ya kompyuta akaiomba mara mbili, mara zote mbili wakamkatalia. Ujanja ulikuwa wangu, miaka iliyopotea ni yake. Kwa hiyo kama unachotaka ni kompyuta au uhandisi, andika hicho hicho, na cha pili kiwe kitu unachoweza kukisoma bila kulia.

Sasa kina mama. Mmoja alisimama nyuma ya mwanawe, mkono kiunoni: "Andika udaktari." Kijana akaishusha orodha hadi mwisho, akaipandisha tena. Haumo. Dada yangu, haumo kweli. Nyumbani Tanzania mtoto wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) akifaulu kidato cha sita anaingia chuo cha udaktari cha Muhimbili, miaka 5 darasani, kisha mafunzo kazini. Marekani kwa kawaida unamaliza shahada ya kwanza, miaka 4, ndipo unaomba shule ya udaktari, miaka 4 mingine. Hiyo ya kwanza inaweza kuwa hata historia, mradi umepita kwenye baiolojia, kemia na fizikia. Kwa hiyo anayeutaka udaktari hana sababu ya kuogopa kusema hajaamua.

Unesi msiuchanganye na hilo. Viko vyuo vinavyochukua manesi tangu mwaka wa kwanza, na ukiukosa mlango huo, kuingia baadaye ni kusukumana. Ukiutaka, utaje mapema.

Binamu zenu wa Dar na Nairobi watakaokuja kwa viza ya mwanafunzi, F-1, waambieni kwamba fani huandikwa kwenye I-20, ile fomu ya chuo ya kuombea viza. Wakiibadilisha, wapite ofisi ya wanafunzi wa kigeni, maana hata ruhusa ya kufanya kazi baada ya kuhitimu hufuata fani hiyo.

Jumamosi ijayo njooni na kompyuta zenu. Kila mmoja awe ameshaandikia ofisi ya udahili ya kila chuo chake swali moja: nikiingia bila fani, ni idara zipi sitaweza kuhamia? Majibu tutayasoma pamoja, kabla ya pilau safari hii.

Mimi mjomba wenu