Doria za Ziwa Victoria zifanyike kwa pamoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nifikishe ombi kwa mawaziri wa uvuvi wa Tanzania, Kenya na Uganda. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa na samaki hapa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Ninachoomba ni kwamba doria dhidi ya uvuvi haramu zifanyike wakati mmoja pande zote tatu za ziwa.

Kwenye ramani Tanzania ina asilimia 51 ya Ziwa Victoria, Uganda 43 na Kenya 6. Ndani ya maji mgawanyo huo haupo. Sangara alipandikizwa upande wa Uganda miaka ya 1950, enzi za ukoloni. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa hadi Ghuba ya Mwanza, na aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, zikatoweka. Baadaye vikaja viwanda vya minofu na ajira zake. Tulipata faida na hasara kutokana na jambo lililoamuliwa ufuko mwingine.

Mwaka 2017 Uganda ilianza kutumia jeshi ziwani. Hapa kwetu 2018 ikaja Operesheni Sangara, nyavu haramu za timba (za uzi mmoja wa plastiki) na makokoro yakachomwa moto. Kila nchi ilifanya kwa ratiba yake. Doria zikikaza upande mmoja, timba zinahamia upande wa pili, zikilegea, zinarudi. Tajiri mwenye mitumbwi mingi ana pa kukimbilia, lakini mvuvi wa mtumbwi mmoja hana. Anayeniumiza moyo zaidi ni yule anayefuata sheria. Anajua sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi, na anajua pia kwamba akimwacha leo, kesho atanaswa na mtu ambaye hakuna anayemkagua. Huyu tunamwambia nini? Ameacha riziki ya watoto wake ndani ya maji kwa ajili ya sheria ambayo jirani yake haimgusi.

Najua vyombo vya ushirikiano vipo. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria liliundwa 1994 na makao yake yako Jinja. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iko Kisumu. Na nchi hizi zikiamua, zinaweza. Magugu maji yalipoziba mialo, yaani sehemu za kupakulia samaki, miaka ya 1990, zote tatu ziliachia mbawakavu wanaoyala, na yakapungua sana. Wenzetu wa Ziwa Tanganyika nao, kwa makubaliano ya nchi nne, walisimamisha uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024. Tanzania ilikuwa mmoja wa waliokubaliana, kwa hiyo viongozi wetu wanaijua njia.

Sisemi Victoria lifungwe. Kisiwani kama Goziba uvuvi ndiyo maisha yenyewe, na kufunga ziwa bila kuwaandalia watu chakula ni kuwatesa. Lakini tayari tuna mapumziko ya asili. Mbalamwezi ikiwaka taa za dagaa hazifanyi kazi, na wavuvi wengi wa pwani zote tatu hupandisha mitumbwi. Siku hizo ziwekwe kisheria, tarehe zilezile kwa nchi zote, zitangazwe mapema na kubandikwa kila mwalo. Tarehe za doria zibaki siri ya wahusika, ila ziwe zilezile Jinja, Kisumu na Mwanza. Karibu na mipaka, boti ya doria ibebe maofisa wa nchi zote tatu, ili mvuvi aliyesukumwa na upepo usiku asigeuzwe mateka wa ugomvi wa serikali. Yaliyotokea Migingo, kisiwa kilichogombewa na Kenya na Uganda, tumeyaona vya kutosha.

Timba nazo zikamatwe bandarini na madukani. Kumchomea mvuvi wavu ambao muuzaji wake anaendelea kuuingiza nchini ni kazi isiyo na mwisho, na ni uonevu.

Mwisho, mawaziri wakikutana, maazimio yao yatolewe kwa Kiswahili. Ni lugha rasmi ya Jumuiya yetu, na ndiyo inayotumika mialoni. Viongozi wa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi wayapate kabla ya doria inayofuata kuanza.

Mfanyabiashara wa dagaa,
Mwaloni, Kirumba, Mwanza