Ng'ombe wa kuwekewa: barua kwa mwanangu kuhusu kikomo cha kadi

Nkuhungu, Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Salamu zako tumezipokea, nami na baba yako hatujambo, ingawa vumbi la Septemba limemsumbua kifua kidogo. Fedha za mabati zilifika Jumanne, na fundi amekwisha kuja kupima paa. Furaha yangu ilidumu hadi Alhamisi, uliponieleza kwa simu, kana kwamba ni jambo dogo, kuwa benki yako ya huko Houston imekupandishia kikomo cha kadi ya mkopo, yaani kiasi cha juu unachoruhusiwa kukopa kwa kadi hiyo, kutoka dola 1,500 hadi dola 12,000, na kuwa zile dola 2,000 ulizonitumia ulizichukua humo, taslimu, dirishani. Sikusema mengi kwa sababu ulikuwa unaingia zamu. Sasa nimekaa na kalamu, na nakuomba uisome barua hii siku ambayo umelala vya kutosha.

Sikukasirika, na wala sitaki uione barua hii kama karipio. Kupandishiwa kikomo ni heshima. Ulipofika huko hakuna benki iliyokujua. Ulianza na ile kadi ya dhamana, ukaweka dola 500 zako mwenyewe ndipo ukaruhusiwa kutumia dola 500, na miaka mitatu hukuchelewa hata rejesho moja. Mimi nimekaa miaka ishirini na miwili katika uhasibu wa SACCOS ya walimu, nimewasikia wanakamati wa mikopo wakijadili jina moja baada ya jingine, na najua kwamba mtu hupimwa zaidi kwa marejesho yake ya jana kuliko kwa ahadi zake za leo. Wamekupima wakakuona unafaa. Ninachohofia ni kwamba umeitazama namba ile, ukaiona kuwa ni mali.

Nitakusimulia habari za babu yako wa Mvumi, ambazo nadhani hujapata kuzisikia kwa ukamilifu. Zizini mwake mlikuwa na ng'ombe kumi na wanne, na mgeni aliyepita njiani angemwita tajiri. Sita tu ndio waliokuwa wake. Wanane aliwekewa na shemeji yake wa Bahi, kwa desturi ya Wagogo ya kugawa mifugo kwa ndugu na marafiki ili ukame au maradhi yasimalize mali yote katika zizi moja. Maziwa aliyakunywa yeye na watoto wake, samadi aliitia katika shamba lake la uwele, na hakuna aliyemlaumu, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa haki ya anayetunza. Mwaka mmoja wa njaa akauza wawili miongoni mwa wale wanane, akinuia kuwafidia baada ya mavuno. Mavuno hayakuja. Shemeji alipokuja kuhesabu wanyama wake, babu yako alitoa wawili katika wale sita wake, na ndama mmoja juu yao, maana ng'ombe aliyeuzwa alikuwa na mimba. Alibaki na wanne, na mgeni wa njiani aliendelea kumwita tajiri.

Kikomo cha dola 12,000 ni ng'ombe wa kuwekewa. Maziwa yake ni halali yako: unanunua chakula, mafuta ya gari na viatu vya kazini kwa kadi, benki inakuletea taarifa ya mwezi, na sheria ya huko inaitaka ikuletee taarifa hiyo angalau siku 21 kabla ya tarehe ya mwisho ya kulipa. Ukilipa salio lote lililoandikwa kabla ya siku hiyo, manunuzi yako hayatozwi riba hata senti moja. Lakini ukibakiza hata sehemu ya deni, kwa kawaida unapoteza nafasi hiyo, na kila kitu kipya unachonunua huanza kuhesabiwa riba tangu siku ulipokinunua. Hapo ndipo mtu anapokuwa amemuuza ng'ombe wa shemeji.

Na fedha taslimu, mwanangu, hazina maziwa kabisa. Ulinitumia ule ukurasa wa masharti nilipokuomba, nami nimeusoma mara mbili nikiwa na kikokotoo. Kuchukua taslimu kuna ada ya asilimia 5, maana yake dola 100 zilitoka kabla fundi hajapanda ngazi. Riba yake ni asilimia 29 kwa mwaka, juu kuliko ile ya manunuzi, na inaanza siku ileile bila kungoja taarifa ya mwezi. Kwa dola 2,000 hiyo ni zaidi ya dola moja na nusu kila siku, ikaribiayo dola 48 kwa mwezi. Huku mitaani mikopo ya kina mama inayofuatiliwa mlangoni kila wiki tunaiita kausha damu, na wewe mwenyewe ulimwona jirani yetu alivyohamishwa na mikopo hiyo. Kadi yako haitatuma mtu kugonga mlango wala kubeba kochi, na kwa sababu hiyo mtu anaweza kukaa nayo miaka bila kujua kwamba damu inapungua.

Tazama jinsi inavyopungua. Tuseme una deni la dola 5,000 kwa riba ya asilimia 24. Kwa mwezi riba ni dola 100. Benki nyingi huweka malipo ya chini kabisa kuwa asilimia 1 ya deni pamoja na riba ya mwezi huo, kwa hiyo utaandikiwa dola 150, nawe utalipa, utapata ujumbe wa kushukuru, na deni litakuwa limeshuka kwa dola 50 tu. Tangu sheria ya kadi ya mwaka 2009, benki za Marekani zinalazimika kuandika katika taarifa ya mwezi ni muda gani utalipa deni hilo ukishikilia malipo ya chini kabisa, na ni kiasi gani kwa jumla utakuwa umetoa. Kisanduku hicho kisome kabla ya kusoma kitu kingine. Hapa kwetu mtumishi wa umma hukatwa mkopo ilimradi ibaki theluthi moja ya mshahara wake, na huo ni ukuta ambao wengi wanaulalamikia lakini umewaokoa. Kadi haina ukuta huo. Aliyepandisha kikomo chako aliangalia kipato chako, lakini hakujua kwamba una ada ya mdogo wako na sisi wazee wawili.

Sasa usinielewe kwamba nakutaka ukirudishe. Hapana, kibakishe. Kikomo kikubwa ambacho hakitumiki kina faida ambayo wengi hawaioni. Alama zile za FICO ulizonionyesha, ambazo wakopeshaji wa huko hupimia uaminifu wa mkopaji, zinazoanzia 300 hadi 850, hutokana kwa asilimia 35 na historia ya kulipa kwa wakati, na kwa asilimia 30 na kiasi unachodaiwa, na hapo kinachotazamwa sana ni deni lako likilinganishwa na kikomo chako. Ulipokuwa na kikomo cha dola 1,500 ukitumia dola 900 kwa mwezi, ulionekana umekula asilimia 60, kama mtu anayeishiwa, hata kama ulilipa zote. Leo matumizi yaleyale ya dola 900 ni asilimia 7.5 tu. Hukuongezewa mshahara wala hukuongeza matumizi, lakini siku utakapoomba mkopo wa nyumba utaonekana mtu aliyetulia. Kumbuka pia kwamba benki hupeleka takwimu zako kwa zile kampuni tatu zinazotunza historia za mikopo za watu, Equifax, Experian na TransUnion, na mara nyingi hupeleka salio la siku ya kufunga taarifa. Ukiwa na mwezi wa matumizi mazito, lipa sehemu kubwa kabla ya siku hiyo, usingoje tarehe ya mwisho. Na yule mwenzako aliyekwambia ubakize deni kidogo kila mwezi ili kujenga historia amekosea. Kulipa salio lote hakukupunguzii alama yoyote; kubakiza deni kunamnufaisha anayekutoza riba.

Utakapotaka kikomo kipande tena, kiombe wakati huna shida nacho. SACCOS yetu ilitoa mkopo hadi mara tatu ya akiba, na aliyekuja akiwa ametulia alipita haraka kuliko aliyekuja anatetemeka, si kwa ukatili wa kamati, bali kwa sababu fedha zilikuwa za wanachama wote. Mshahara wako ukipanda, iarifu benki kipato chako kipya, na uandike kile unachopata kweli, kwa maana kudanganya kipato ili upewe mkopo huko ni kosa la jinai, na kwako ambaye bado una karatasi za uhamiaji ni kosa la kukunyima usingizi. Kabla ya kuomba, uliza kama watakagua historia yako kwa ukaguzi ule unaoandikwa, ambao hukaa katika ripoti miaka miwili, au kwa ule usioacha alama. Usiombe kadi nne katika mwezi mmoja kwa kuwa matangazo yamekuja manne.

Jambo jingine linanisumbua, nalo ni kwamba kikomo hiki hukukiomba. Nimesoma kwamba mwaka 1958 benki moja ya California ilituma kadi kwa wakazi wapatao 60,000 wa mji wa Fresno bila wao kuziomba, na kwamba mwaka 1970 sheria ilipiga marufuku kumpelekea mtu kadi asiyoiomba. Lakini kumpandishia mtu kikomo bila yeye kuomba kunaruhusiwa hadi leo, na ukweli huo peke yake ungetosha kukufanya uweke kikomo chako mwenyewe, kilichoandikwa katika daftari lako, kilicho chini ya kile cha benki. Ningependa kiwe dola 1,000 kwa mwezi, yaani kile ambacho mshahara wako unaweza kukilipa chote bila kugusa akiba.

Wala usikihesabu kikomo kuwa ni akiba ya dharura. Mwenye ng'ombe huja kuchukua ng'ombe wake wakati wa ukame, wakati ambapo na wewe unawahitaji. Ndivyo benki nyingi za huko zilivyofanya katika msukosuko wa mwaka 2008 na 2009, na tena mwaka 2020 ugonjwa ulipofunga kazi za watu: zilipunguza vikomo, hata vya wateja ambao hawakuwa wamekosea. Weka kihenge chako mwenyewe, mishahara ya miezi mitatu kama unaweza, katika akaunti ya akiba. Kadi itumie pale inapokufaa kuliko fedha taslimu: hoteli na gari la kukodi, ambako huzuia kiasi fulani kwa siku kadhaa, na manunuzi ya mtandaoni, maana kadi ya mkopo ikiibwa sheria ya huko haimruhusu mtoaji wake akudai zaidi ya dola 50, na mwizi anakuwa ameshika fedha za benki wala si mshahara wako.

Nimefikia lile lililonifanya nichukue kalamu. Najua kwa nini ulitoa zile fedha. Mimi ndiye niliyekwambia kwamba mvua za Desemba zikitukuta na paa lile tutahamia sebuleni, na wewe ulisikia sauti ya mama, hukusikia hesabu. Najua pia kwamba shangazi yako amekutumia mchango wa harusi, na kwamba binamu zako wanaamini kila aliyeko Marekani ana mti wa dola uani. Kuanzia leo, ndugu yeyote akikuomba kiasi ambacho hakimo katika mshahara wako, mwambie aje azungumze nami. Nitamjibu mimi, kwa jina langu, na hutaonekana mchoyo. Na mimi mwenyewe nimo katika hesabu hiyo. Hata ikitokea msiba, nunua tiketi kutoka katika kihenge chako. Kama hakitoshi, tutakungoja kwa arobaini.

Mabati hatujanunua. Nimezungumza na fundi, naye amekubali kung'oa mabati ya banda la kuni na kuziba vyumba viwili vya kulala, na misumari pamoja na mbao nitalipa kwa fedha za zabibu tulizouza mwezi uliopita. Sebule itasubiri mwakani. Jumatatu nakwenda benki kukurudishia dola zako 2,000. Ada ya kutuma nitailipa mimi, ile dola 100 na riba ya siku hizi utailipa wewe. Nitumie jina la benki, namba ya akaunti yako na ile namba ya utambulisho wa benki kwa fedha zitokazo nje, na zikifika tu zipeleke kwenye kadi siku hiyohiyo, kisha uwapigie uwaulize salio kamili la kufunga deni, maana riba ya siku chache za mwisho mara nyingine hujitokeza katika taarifa inayofuata. Taarifa hiyo ikitoka, ipige picha unitumie.

Baba yako anakusalimu, na anauliza kama baridi imeanza huko.

Mama yako