Msiwafiche vijana The Giver, wafundisheni kuihoji

Ndugu Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliyeandika katika ukurasa huu kwamba riwaya ya The Giver haifai kusomwa na wanafunzi wa sekondari amenifanya niitoe kabatini na kuirudia tangu mwanzo. Nimefundisha Kiingereza katika shule za huku Lindi hadi nikastaafu. Kitabu hiki cha Mmarekani Lois Lowry kilitoka mwaka 1993, nami nilikisoma nikiwa bado mwalimu kijana. Nina ugomvi nacho, tena mkubwa, lakini si ugomvi wa mwenzangu.

Yeye kimemkera kifo cha kichanga. Kwa wasiokijua kitabu: Jonas, mvulana wa miaka 12, anaishi katika jamii isiyojua njaa wala vita, ambako hata mvua na jua vimedhibitiwa na watu hawaoni rangi. Wazee ndio wanaompangia kila mtu kazi, mwenzi na watoto. Baba yake Jonas ni mlezi wa vichanga. Wakizaliwa mapacha wanaofanana, aliye mwepesi huachiliwa, na Jonas amekua akiamini kwamba anayeachiliwa huenda kuishi kwingine. Siku moja anaoneshwa tukio lilivyorekodiwa. Baba yake, mtu mpole kabisa, anawapima wale watoto, anamdunga mdogo wao sindano kwenye mshipa wa paji la uso, anamtia kwenye boksi, anamtupa, na kumpungia mkono wa kwaheri.

Bado mikono inanitetemeka nikifika hapo, na ndiyo sababu nataka vijana wapasome. Muuaji wa pale si jini wala jambazi. Ni mfanyakazi mwadilifu anayetimiza utaratibu kama alivyofundishwa. Mjukuu wangu wa kidato cha tatu alipofika kwenye sura hiyo alinifuata jikoni akauliza, “Bibi, kwani baba yake hajui kama anaua?” Tulizungumza mpaka adhana ya isha. Kitabu kinachomtoa mtoto swali la namna hiyo hakifichwi.

Ugomvi wangu uko kwenye kumbukumbu. Katika jamii ile, kumbukumbu zote za mababu, za theluji, vita, maumivu na upendo, zimewekwa kichwani mwa mzee mmoja, naye humpa Jonas kwa kumwekea mikono mgongoni. Inavyowezekana, mwandishi haelezi. Wala haelezi kwa nini Jonas akitoroka, kumbukumbu alizopewa ziwarudie watu wote. Kwa riwaya ya kisayansi hilo ni pengo, ila nalisamehe. Ninaloshindwa kulisamehe ni hili: Lowry ameuona ugonjwa vizuri, halafu tiba akaikabidhi kwa mtu mmoja. Jamii yake haina bibi wala babu. Watoto wakishakua, wazazi wao huhamia kwa wasio na watoto, kisha kwenye nyumba ya wazee, na huko hufa bila wajukuu kuwajua. Moja ya kumbukumbu tamu kuliko zote anazopewa Jonas ni ya sikukuu ya Krismasi, familia imekaa pamoja na wazee wamo humo chumbani. Mwandishi amefika mlangoni kabisa, akageuka.

Huku kwetu, watoto wa jando hukaa kambini pamoja, wakaimbishwa pamoja, na watakachokijua watakijua wote. Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905 huko Matumbi, Kilwa, hatukuvipata kwa mzee mmoja aliyeteuliwa. Tulivisikia kwa mabibi, kila mmoja na kipande chake, tena vipande vingine vinapingana. Kumbukumbu inayopingana yenyewe ndiyo ngumu kufutwa, na hiyo haimo kabisa katika The Giver.

Lowry alipopokea medali ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto, mwaka 1994 alisimulia habari za baba yake, aliyekuwa akipoteza kumbukumbu katika nyumba ya wazee na kusahau kwamba binti yake mwingine, Helen, alishafariki. Ni uchungu wa mtoto kwa mzazi, nami nauheshimu. Ila uchungu wa nyumba moja hautoshi kueleza jamii nzima ilivyosahaulishwa.

Halafu kuna suala la ngozi. Jonas anapoanza kuona rangi nyekundu, kwenye tofaa na kwenye nywele za rafiki yake Fiona, mzee anamwambia kwamba zamani watu walikuwa na ngozi za rangi nyingi, na sasa wote wana moja. Sentensi chache, basi, mazungumzo yanaendelea. Nani waliondolewa rangi yao? Iliyobakizwa ni ipi? Nani aliamua? Jonas anayehoji kila kitu, hapo hahoji. Na wenye uwezo wa kubeba kumbukumbu wanatambulikana kwa macho ya rangi ya kufifia: Jonas, yule mzee, na Gabriel, kichanga anayelelewa kwa muda nyumbani kwa kina Jonas. Msomaji wa Lindi hawezi kuruka mistari hiyo kama mwandishi alivyoiruka.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba uwezo alikuwa nao. Someni anavyoeleza tembo aliyeuawa na kung'olewa pembe, na mwenzake anayekuja kumpapasa kwa mkonga na kumfunika kwa matawi. Mtu wa Liwale akisoma pale ataona kama mwandishi aliishi pembezoni mwa Selous. Kalamu iliyomlilia tembo hivyo ingeshindwaje kukaa ukurasa mmoja kwenye ngozi za watu?

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu mlio bado madarasani: mkiwa na nakala, msiifungie. Fikeni kwenye ile mistari ya ngozi, wasimamisheni wanafunzi, waandike majibu ya maswali ambayo Jonas hakuyauliza. Nawe Mhariri, watenge nafasi vijana hao katika ukurasa huu, hata kama majibu yao yatanipinga.

Mwalimu mstaafu,
Mtanda, Lindi