Mama mkwe anasema tulimpeleka likizo akawe yaya, na mume wangu alisikia akanyamaza

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ninakuandikia kabla hapajapambazuka, watoto wangali wamelala na baba yao pia, lakini mimi usingizi umenipaa tangu jana jioni, mume wangu aliponiuliza kama nimeshamwambia mama yake kuhusu likizo ijayo ya shule. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba hakuna kilichotokea. Sikumjibu, niliendelea kukunja nguo. Unajua mwenyewe mke akishaanza sentensi kwa kusema "mama yako" mazungumzo huishia wapi, kwa hiyo nimeona niseme na wewe kwanza.

Tulikwenda mapumziko mafupi ufukweni, sisi wawili, watoto wetu watatu na mama mkwe. Mkubwa ana miaka 6, wa kati ana miaka 4, na mdogo hajatimiza miwili. Wazo la kumchukua mama lilikuwa langu, na hilo naomba ulishike tangu mwanzo, kwa sababu sasa linasimuliwa kwa namna nyingine. Mume wangu alitaka twende na watoto peke yao. Mimi ndiye niliyesema kwamba tangu baba mkwe afariki, mama huyu hatoki nyumbani isipokuwa kwenda misibani na kliniki, na kwamba wajukuu watafurahi kuamka asubuhi wakamkuta bibi yao.

Sasa sikiliza alichosema. Ilikuwa alasiri, tunakaribia kuondoka, nami nilikuwa nikitoka bafuni na nguo za watoto zilizolowa mikononi, nikamsikia mama barazani akizungumza na wifi yangu kwenye simu: "Mimi nimeletwa huku niwe yaya. Wenyewe ndio wanaopumzika." Hakunong'ona. Mume wangu alikuwa ameketi kwenye ngazi ya baraza hiyohiyo, akimpangusa wa kati mchanga wa miguuni. Alisikia. Najua alisikia kwa sababu mkono wake ulisimama kidogo, kisha ukaendelea kuupangusa mguu uleule ambao ulikuwa umeshatakata. Hakusema "mama, sivyo." Hakunitazama hata baada ya kuniona mlangoni.

Yaya, Shangazi. Mimi nimemleta mama yake mume wangu awe yaya.

Nikueleze safari yenyewe ilivyokuwa, ili upime mwenyewe. Mama ana shinikizo la damu, na miongoni mwa dawa zake kuna ile inayomfanya aende haja ndogo mara kwa mara. Wazee wengi wakisafiri huiruka dawa ya namna hiyo na kujinyima maji ili wasiwasumbue wenzao njiani, na hilo ni hatari, maana umri ukisogea hata kiu yenyewe hupungua, mwili ukaweza kukaukiwa maji mtu akiwa bado hajahisi lolote. Nililijua hilo, ndiyo maana kabla hatujaondoka nilimpeleka kliniki tukaulize siku ya safari ameze saa ngapi. Njiani tulisimama kila baada ya saa mbili ashuke na kunyoosha miguu, kwa kuwa kukaa kitako zaidi ya saa nne mfululizo huongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, na miguu yake huvimba hata akiwa nyumbani. Watoto walinung'unika, mume wangu alisema tutafika usiku, nami nikasema tunasimama. Mtu anayetafutiwa kazi ya kulea watoto hupangiwa safari ya namna hiyo?

Hata jikoni niliingia mwenyewe. Chumvi niliipima, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima asifikie gramu 5 kwa siku, ambazo ni kijiko kimoja cha chai tu, na kwa mwenye shinikizo la damu jambo hilo si la kupuuza. Mama alisema mbele ya watoto kwamba chakula hakina ladha. Nilimeza hilo, wala si hilo ninalolilalamikia.

Ninalolilalamikia ni kwamba aliyetazama kwa mbali angeamini maneno yake. Nilikuwa majini tangu asubuhi hadi jua linapokuwa kali, na yeye alikuwa kivulini na mtoto mdogo mapajani, kwa hiyo inaonekana mimi nilikuwa nikijistarehesha. Lakini mimi sikuwa nikiogelea, Shangazi, nilikuwa nikilinda. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache tu, na huzama kimya, bila kupiga kelele wala kurusha mikono kama watu wanavyodhani, na yale maboya ya kujaza upepo wanayovalishwa mikononi si kinga ya kutegemewa na mtu yeyote. Anayemlinda mtoto asiyejua kuogelea hana budi kuwa karibu kiasi cha kumfikia kwa kunyoosha mkono. Ningewezaje kumwachia kazi hiyo mwanamke wa umri wake, ambaye akitaka kuinuka kwenye kiti kifupi huweka kwanza viganja vyote viwili juu ya magoti, anavuta pumzi, ndipo anainuka? Nilimwachia mtoto aliyekuwa amesinzia. Kazi ya hatari niliibeba mimi, nikarudi nyumbani ngozi ya mabega imebabuka.

Kuhusu vyumba, najua wifi atakuwa ameshaambiwa. Nyumba tuliyokodi ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, na ni mama mwenyewe aliyesema wajukuu wakubwa walale naye. Sikumshurutisha. Ni kweli wa kati alikuwa akiamka usiku na kulia, lakini watoto wa umri ule wakilala mahali pageni huwa hivyo, hasa wakikosa usingizi wa mchana na kucheleweshwa usiku. Na nani aliyewachelewesha? Bibi yao alikuwa akiwapa simu watazame katuni kitandani hadi usiku mkubwa. Mtoto wa miaka 3 au 4 anahitaji kulala kati ya saa 10 na 13 kwa siku, na Shirika hilohilo la Afya linashauri watoto wa miaka 2 hadi 4 wasikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku. Nilimwambia kwa upole, nikiwa nimeinama, nikamwita mama kama ninavyomwita siku zote. Alinijibu, "Mimi nimelea watoto watano bila kutazama saa." Basi nikanyamaza. Aliyenyamaza siku ile kwa ajili ya heshima ni mimi.

Kisha alfajiri mtoto akiamka, yeye ndiye aliyekuwa akiinuka naye, akiwatoa wote nje ili sisi tuendelee kulala. Sikumwomba hata siku moja. Nilikuwa nikiamka ninawakuta wameshaoga na kuvaa, mkubwa amechanwa nywele, na mama ameketi kwenye ngazi akiwasimulia hadithi. Nilikuwa nikimshukuru kila mara, na moyo wangu ulikuwa ukijaa, nikisema kumbe hiki ndicho nilichokitaka watoto wangu wakipate. Niliamini ni mapenzi. Sasa ninaambiwa ilikuwa kazi, na kwamba mimi nilikuwa tajiri wake.

Kuna jioni moja mimi na mume wangu tulitembea pwani peke yetu. Nitalisema kwa sababu najua ndilo litakalotajwa. Watoto walikuwa wameshalala, aliyemwomba mama abaki nao ni mwanawe, si mimi, na mama akasema nendeni wanangu. Angesema amechoka tungebaki. Tangu tupate mtoto wa tatu hatujawahi kutembea wawili tukazungumza bila mtu kulia, na jioni ile tulicheka kama zamani. Hata hiyo sasa siwezi kuikumbuka kwa furaha, kwa sababu nikiifikiria namwona mama akihesabu dakika.

Tangu turudi, wifi amebadilika. Zamani alikuwa akipiga simu kuulizia watoto; sasa ananitumia ujumbe mfupi mfupi, na juzi aliandika kwamba mama anahitaji kupumzika, tusimpeleke wikendi kwetu. Mimi sijamwalika mama wikendi yoyote. Neno lile limeshakuwa habari ya ukoo mzima, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza upande wangu.

Nimeamua kwamba safari ijayo mama asiende. Nasema hivyo mchana, lakini jioni wa kati ananiuliza bibi atalala wapi tutakapokwenda tena, na mimi mwenyewe ninajikuta nikitafuta nyumba yenye vyumba vitatu, chumba kimoja kiwe chini, kisicho na ngazi, karibu na choo. Nimefikiria pia tumchukue msichana wa kutusaidia kwa malipo, ili asubuhi mama alale mpaka atakapopenda, lakini naona nikifanya hivyo nitakuwa nimekiri kwamba awali tulimtumikisha, nami sikubali. Nimefikiria wifi aje naye, aone kwa macho yake. Kisha ninasema hapana, hata siku moja, nikae na wote wawili nikipimwa kila ninapoketi.

Sitaki mama aniombe radhi. Yeye ni mzazi, na huenda alisema akiwa amechoka, magoti yanamuuma, anazungumza na bintiye aliyemzaa. Hilo ninaweza kulibeba. Nisichoweza kukibeba ni ule mkono uliosimama kisha ukaendelea. Mwenzangu huyu alikuwapo njiani niliposema tusimame, alikuwapo jikoni, aliniona nikitetemeka majini na midomo imebadilika rangi, na yeye ndiye aliyeomba mama abaki na watoto jioni ile. Kwa nini hakusema neno moja? Je, alinyamaza kwa kumheshimu mama yake, au alinyamaza kwa sababu na yeye anaona hivyohivyo? Nimetaka kumwuliza, na kila nikifungua mdomo ninahofia jibu. Mume wangu si mtu mbaya, Shangazi, sitaki umfikirie hivyo. Ni baba mwema na hanikosei adabu. Ila tangu siku ile nikimwona akimpangusa mtoto miguu ninatoka chumbani.

Naomba usinijibu kwamba wazee ndivyo walivyo, kwa sababu hilo nimeshaambiwa na rafiki yangu na halikunisaidia. Naomba uniambie nimjibu nini mume wangu kuhusu likizo ijayo: nikubali mama aje na kwa masharti gani, au niseme safari hii twende wenyewe, na kama nikisema hivyo nifanyeje isionekane ni kisasi. Shule zitafungwa hivi karibuni na nyumba nzuri huchukuliwa mapema. Na kama utaona ni lazima nizungumze na mama mwenyewe, basi nieleze pia nianzie wapi, maana hadi leo yeye hajui kwamba nilikuwa nimesimama mlangoni.

Wako mwenye uchungu,
Mke na mkwe