Soli ya elfu tatu nimeipasua

Ndugu Mhariri,

Assalaam aleikum. Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyelalamika katika ukurasa huu kwamba wauza viatu wa Darajani wanatuchuna, kwa kuwa soli ya kutia ndani ya kiatu duka moja ni shilingi 3,000 na duka la pili ni 40,000, na "zote ni kipande cha sponji tu". Mimi ni fundi viatu, nakaa barazani hapa Mkunazini mwaka wa ishirini na tisa huu. Soli hizo siziuzi, na wanaoziuza ghali baadhi yao hata salamu hatupeani. Ila hilo neno "zote" lilinikaa moyoni. Nikamtuma kijana wangu akaninunulie moja ya kila bei, nikazilaza juu ya kibao na kuzipasua kwa kisu, kutoka kisigino mpaka vidoleni.

Ya elfu tatu ilikatika kama boflo la juzi, ikaacha chengachenga. Ndani imejaa vitundu vikubwa, vyengine vya kuingia kichwa cha pini, na ukuta baina ya kitundu na kitundu ni mwembamba mithili ya ganda la kitunguu. Sponji hii sisi mafundi tunaiita iva. Ni plastiki inayofurishwa kwa gesi kiwandani, kama andazi linavyofurishwa na hamira. Mwenye kiwanda anayetaka kubana gharama huifurisha zaidi ili mali kidogo itoe shiti nyingi, na wengi huchanganya na unga wa chokaa kwa sababu chokaa ni rahisi kuliko plastiki. Ukiiminya dukani utaipenda. Ni laini, pengine laini kuliko ile ya bei, na hapo ndipo watu wanapoingia mkenge, maana ulaini wenyewe ni hewa.

Mtu akitembea, kila kisigino kinapogusa chini kinapokea uzito wake wote na ziada kidogo. Akikimbia, ni mara mbili mpaka tatu ya uzito wake. Sasa hesabu hatua za siku moja, kutoka Michenzani mpaka Forodhani na kurudi, juu ya saruji na mawe. Vile vikuta vyembamba vinalegea na kupasuka kimoja kimoja, hewa inatoka, na sponji ikishalala hairudi. Nilijaribu mwenyewe. Usiku niliweka fuawe langu la kugongea misumari juu ya vipande vyote viwili, nikaenda zangu kulala. Asubuhi nilipoliondoa, kipande cha rahisi kilikuwa na shimo la umbo la fuawe, na mpaka adhuhuri shimo lilikuwa pale pale. Kile cha ghali kilikuwa kimeshajaa kabla sijamaliza chai.

Tena nikavuka njia kwa jirani yangu muuza viungo, nikaomba mizani yake ya karafuu. Soli ya ghali ilikuwa nzito karibu mara tatu ya mwenzake, na kwa macho unene wao ni mmoja. Jirani akacheka, akaniambia hata iliki watu huziuza hivyo, ganda kubwa na ndani hamna kitu.

Ndani ya ile ya elfu arobaini nilikuta tabaka tatu. Juu kitambaa. Chini yake poliyurethani, sponji yenye vitundu vilivyofungukiana, kwa hiyo jasho linapata pa kupita na unyayo unarudishiwa nguvu kidogo. Chini kabisa iva nzito iliyofinyangwa kama kikombe kupokea kisigino, na katikati, chini ya upinde wa unyayo, kipande cha plastiki ngumu kisichokubali kupinda. Umbo hilo lina gharama ambayo mnunuzi haioni. Soli bapa hukatwa kutoka kwenye shiti kwa chuma chenye makali, kama mama anavyokata biskuti za sikukuu, na ya kushoto ni ya kulia iliyogeuzwa. Yenye umbo lazima iminywe kwa moto ndani ya kalibu, na kila saizi ina kalibu zake, ya kushoto na ya kulia. Anayetaka kuuza saizi 36 mpaka 46 achongeshe kalibu 22 kabla hajaona shilingi ya mteja wa kwanza.

Halafu kuna gundi. Sisi huku kiatu tunakivua na kukivaa mara nyingi kwa siku, na mara nyingi tunakivaa mguu bado una maji ya udhu. Maji yale na jasho vinaingia baina ya kitambaa na sponji. Gundi hafifu inaachia, kitambaa kinajikunja mbele ya vidole. Soli yenyewe, kwa kuwa haina kikombe cha kuishika, inang'ang'ania unyayo na kutoka nao. Nani hajamuona mtu mzima mlangoni mwa msikiti anarudisha soli ndani ya kiatu huku watu wanampita?

Ndugu yangu msomaji alipiga hesabu ya bei, na mimi nimpe ya mteja wangu mmoja, kijana anayehudumu mezani katika hoteli moja huko Nungwi, kutwa wima juu ya marumaru. Alikuwa akinunua za elfu tatu, na kila baada ya wiki tano anabadilisha. Kwa mwaka ni kama jozi kumi, shilingi 30,000. Nikamshauri ya 40,000, ikamfikisha miezi kumi na moja. Kwa fedha tupu, basi, ile ghali haikumuokolea kitu, na nasema hivyo ili nisije nikadhaniwa dalali. Ila nilipomuuliza za rahisi zilikuwa zikimfaa kwa muda gani, alijibu, "Wiki ya mwanzo tu, fundi." Kwa hiyo katika kila wiki tano, nne alikuwa amesimama juu ya kitu kilichokwisha kufa. Za rahisi zilimgharimu pungufu kidogo, lakini kwa mwaka mzima alipata raha ya wiki kumi tu.

Najua kuna watakaosema wazee wetu walivaa makubadhi, ngozi tupu bila sponji, na miguu yao ilikuwa mizima. Kweli, babu yangu alikuwa mmoja wao. Lakini babu alikanyaga mchanga na udongo, si terazo za ofisi.

Mlalamikaji namuunga mkono kwa jambo moja. Bei kubwa peke yake si ushahidi. Mwaka jana mimi mwenyewe, fundi mzima, niliuziwa katika duka moja, jina nalistahi, soli ya 35,000 ndani ya boksi la kung'aa lenye picha ya mkimbiaji. Nilipoipasua, ilikuwa boflo lile lile, limepakwa rangi na kubandikwa plastiki laini inayopinda kwa kidole kimoja. Na hata kwenye mali ya kweli, bei ikishapita kiasi fulani unalipia jina. Watafiti walioshughulika na maumivu ya kisigino, yale yanayomchoma mtu anaposhuka kitandani asubuhi, wameona kwamba soli nzuri iliyotengenezwa tayari mara nyingi husaidia karibu sawa na ile ya kupimiwa mguu wako, ambayo bei yake ni mbali kabisa. Anayeanza na ya kati hajakosea.

Mwenye kisukari simtii katika maneno haya. Mguu wake unaweza kupoteza hisia, akakanyaga mshono uliojikunja kutwa nzima bila kujua, jioni akakuta kidonda. Huyo asije kwangu wala asiende Darajani kubahatisha, aende kliniki ya kisukari, mguu utizamwe kwanza.

Na wanaonunua za ghali wasiziweke akiba. Kila mtu hapa Unguja anakijua kile kiatu kilichotunzwa kabatini miaka sita, siku ya harusi kikavaliwa, na soli ikamwagika ukumbini kama unga wa muhogo. Ile ni poliyurethani. Unyevu wa hewa yetu huivunja polepole hata kama haijavaliwa, tena pengine kuvaliwa ni bora kwake kuliko kufungiwa. Nimeshaletewa viatu vya namna hiyo zaidi ya mara moja na bwana harusi mwenyewe, amevaa champali za kuazima, gari linamsubiri barabarani. Hakuna fundi anayeweza kushona unga.

Ombi langu ni kwa wafanyabiashara wetu. Soli nyingi zinauzwa ndani ya plastiki iliyobanwa, na mteja akitaka kufungua anaambiwa "ukifungua umenunua". Wekeni moja ya kila aina nje, mtu aiminye kwa gumba na kuhesabu mpaka kumi aone kama inarudi, aikunje pale penye upinde, aipime mkononi. Kitambaa mnakiacha kinashikwa, viatu vinajaribiwa, hata embe zinabonyezwa. Anayeuza mali nzuri kwa bei kubwa ndiye atakayefaidika zaidi, kwani leo anashindana na boflo lililovaa boksi lake.

Vipande vyangu vinne viko juu ya kibao hapa barazani, pamoja na fuawe. Ndugu aliyeandika akipita Mkunazini baada ya laasiri anakaribishwa aviminye mwenyewe, na soli yake ya elfu tatu aje nayo, ila iwe imeshavaliwa wiki tatu.

Fundi viatu,
Mkunazini, Unguja